Fundi Aliyezipima Meli kwa Tepu ya Nguo

Bingwa wa meli niliyemjua mimi hakuwahi kupanda meli hata moja. Nalisema mapema kwa sababu wengi waliomsikia akizungumza waliondoka wakiapa kuwa ni baharia mstaafu. Wapi! Alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka langu la leso pale Msambweni miaka kumi na minne, mimi nauza, yeye anapinda. Mteja akitoka kwangu na doti yake, aligeuka tu upande wa kushoto, akamkabidhi Fundi, akakaa kwenye benchi kungoja. Na akishakaa, kwisha habari yake.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hivi wajua meli ya makontena iliyo ndefu kabisa ina urefu gani?"

Mwanamke wa watu ametoka Bodo tangu asubuhi, ana harusi Ijumaa, anataka leso ipindwe arudi akapike. Anajibu kuwa hajui. Fundi anaondoa mguu kwenye cherehani. Hapo ndipo aliponitia hasira kila siku, maana hakuweza kutaja meli na kushona kwa wakati mmoja. "Mita mia nne!" anasema, macho yamemtoka. "Mia nne kasoro vidole! Ukisimama omo, mbele kabisa, ukamwita mtu aliye nyuma kule tezi, hakusikii. Labda umpigie simu!"

"Fundi, shona," mimi nasema kutoka ndani. Nadhani maneno hayo mawili nimeyatamka mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe.

Alizipenda meli ndefu kama watu wengine wanavyopenda mpira. Ikitengenezwa mpya huko Uchina au Korea, yeye anajua. Ikivunjwa ya zamani, anasikitika siku nzima na kushona kwake kunapinda. Lakini hizo hizo meli ndizo zilizomkosanisha na mtoto wake wa pekee, Mwanamisi. Binti alipata kazi ya melini na baba akamnyima radhi. Bingwa wa meli! Sisi majirani tulibaki vinywa wazi. Nitafika huko, ila kwanza mjue ni mtu wa namna gani.

Alikuwa mfupi, msafi kupita kiasi, na sindano tatu zilikaa daima kwenye ukosi wa shati lake. Kwenye daftari lake kubwa, kurasa za mbele ziliandikwa vipimo vya wateja: bega, kifua, mkono. Ukiligeuza ukaanzia nyuma, unakuta meli: urefu, upana, kina cha majini. Mwandiko mmoja, wino mmoja. Ulipofika mwezi wa Ramadhani, watu wote wakitaka kanzu za Idi, kurasa za mbele zilikuwa zinakimbia kuelekea nyuma, naye analalamika kuwa wateja wanamlia nafasi ya meli zake.

Alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuna mtu wa kumtoa. Ukimuuliza, "Fundi, meli ndefu kuliko zote duniani ni ipi?" anakukatalia swali. "Ndefu ya kazi gani? Mtu akija hapa akaniambia nishonee nguo ndefu, mimi nitajuaje kama ataka kanzu, buibui au pazia? Kila nguo na urefu wake. Sema meli ya nini, nikujibu."

Ugomvi mkubwa wa swali hilo aliupata kwa kijana mmoja wa bara aliyefanya kazi ya kupokea wageni katika hoteli moja Diani, na aliyekuja kupunguziwa suruali za sare. Kijana alikuwa ameiona meli ya watalii imetia nanga Mombasa.

"Fundi, acha hizo," akasema. "Ile ndiyo ndefu duniani. Mimi nimeiona live. Ni kama estate nzima imesimama kwa maji!"

"Ya abiria," Fundi akamjibu polepole, na mimi nikajua leo suruali hazishoneki. "Na hata kwa abiria si hiyo. Ya abiria ndefu kabisa inafika mita mia tatu sitini na tano hivi. Sasa sikiliza. Kuna meli za kubeba mawe ya chuma, mia tatu sitini na mbili. Kuna manowari moja ya kubeba ndege, mia tatu arobaini na ushei. Kuna za makontena, mia nne. Na ilikuwepo moja ya mafuta, kijana wangu, moja tu, Mjapani aliiunda, ikapigwa mabomu vitani ikazama, wakaiopoa, wakaitengeneza, ikarudi kazini! Mia nne hamsini na nane! Imekwisha kuvunjwa India, Mungu awasamehe."

"Mia nne hamsini na nane ni kutoka hapa hadi wapi?" kijana akauliza.

Jamani, swali hilo! Fundi akasimama. Akaivua tepu shingoni, akachukua chaki yake ya kuchoria vitambaa, akatoka barabarani jua la saa nne linawaka, akapiga magoti kwenye lami. Tepu ya fundi nguo ina mita moja na nusu. Ilimlazimu kuilaza zaidi ya mara mia tatu. Anailaza, anatia alama, anasogea, anailaza tena, huku anahesabu kwa sauti. Nikafunga duka. Sikuwa na la kufanya, wateja wangu wote walikuwa wameshatoka nje.

Alipofika alama ya manowari akamwomba muuza samaki asimame pale na karai lake. "Wewe ni manowari, usiondoke!" Kwenye meli ya mawe ya chuma akasimama mama wa mihogo. Hatua chache mbele, ya abiria, akawekwa yule yule kijana wa hoteli, naye kwa wakati huo alikuwa ameshasahau suruali, anapiga picha. Kwenye makontena akasimama mwalimu wa madrasa aliyekuwa anapita zake. Kila mmoja akawa anapiga kelele jina la meli yake ili wale wa mbali wasikie. Bodaboda zikasimama. Mimi nilikuwa nikimfuata Fundi nyuma na chupa ya maji. Niliona kwa macho yangu barabara yetu ikigeuka chombo, na sisi sote tumo, na bado mbele haijaisha!

Tulijua mwisho utakuwa wapi. Fundi alishakokotoa siku nyingi, akatuambia meli ya mafuta itaishia mlangoni pa mashine ya kusaga unga. Tukafika mashine ya kusaga. Hesabu bado. Tukaipita. Fundi akaendelea, jasho likimtiririka, mpaka omo ya meli ikaingia kwenye bucha, ikamkuta muuza nyama ameshika shoka.

"Haiwezekani," Fundi akasema. Alikuwa karibu kulia.

Nami ndipo nilipoona. Nilikuwa nimemtazama kazini miaka mingi, najua mkono wake. Kila alipofika mwisho wa tepu, hakutia chaki pale pale. Alisogeza vidole, inchi mbili zaidi, ndipo akachora. "Fundi!" nikapiga ukelele. "Unaongeza pindo!"

Barabara nzima ikaangua kicheko. Fundi wa nguo hapimi bila kuacha kitambaa cha kupinda, mkono haumruhusu. Aliongeza pindo zaidi ya mara mia tatu, meli ikarefuka kwa karibu mita kumi na tano. Mtu mwingine angeona haya. Yeye alijifuta magoti, akasema, "Basi meli nayo isiwe na pindo? Ikifumuka baharini?" Sisi akinamama tukapiga vigelegele. Alama zile za chaki zilikaa barabarani mpaka mvua iliponyesha, na watoto walikuwa wakizifuata mbio kutoka tezi hadi omo wakitoka madrasa.

Alikuwa mbishi, na ubishi wake ulikuwa na sheria zake. Wajuzi wa kwenye simu walimletea habari ya chombo kimoja cha gesi kule Australia, mita mia nne themanini na nane, wakamwambia kuwa meli yake ya mafuta imepitwa. Akakataa katakata kukiandika. "Hicho kinakwenda kwa nguvu zake?" Wakasema hapana, huvutwa, kisha hufungwa mahali kikakaa miaka. "Basi si meli. Kitambaa kisichovaliwa si nguo, bado ni jora." Alitunza heshima ya ile meli iliyokwisha kuvunjwa kana kwamba ilikuwa ndugu yake.

Sasa kituko chenyewe. Mtu huyu aliogopa maji. Simsingizii. Alilelewa Munje, mahali ambapo hata vichanga hujua kuogelea, lakini mwambie apande mashua kwenda Funzi uone anavyobadilika rangi. Kitambaa chake cha kanzu kutoka Mombasa nilimletea mimi, kwa sababu kwenda Mombasa ni kuvuka Likoni, na feri ilimshinda. Nilivuka naye mara mbili au tatu tu miaka yote hiyo, kwa matibabu ya macho. Aliinama tangu feri inaondoka mpaka inagusa ng'ambo, paji la uso magotini, anasoma dua zote anazozijua.

Lakini kabla ya kuingia kwenye feri alikuwa mtu mwingine. Mnajua adha ya Likoni. Meli kubwa ikiingia au kutoka bandarini, feri husimama kuipisha, na watu elfu wanasonya kwa pamoja. Huyu amechelewa kazini, yule ana mgonjwa. Siku moja tulikuta meli ya makontena inaingia. Watu wananung'unika, Fundi anaruka ruka nyuma ya umati. "Hesabu makontena! Moja ni futi arobaini, hesabu mistari yake tangu mbele!" Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akamgeukia kwa hasira, "Mzee, wewe wafurahi nini? Sisi twachelewa." Akamjibu, "Mwanangu, utachelewa dakika kumi. Hii imetoka Bahari ya Shamu imekuja kukupitia mbele ya macho, na wewe watazama saa!" Haki ya Mungu yule mama akaanza kuhesabu. Mpaka tezi inapita, nusu ya umati walikuwa wanabishana kama ni mistari ishirini au ishirini na moja.

Mwanamisi alirithi kila kitu cha baba yake isipokuwa woga. Tangu mdogo alikaa chini ya meza ya cherehani, anamsomea tarakimu kutoka kwenye daftari. Akakua, akafanya kazi ya kutandika vyumba katika hoteli za Diani miaka mitano, kisha akapata mkataba wa kazi hiyo hiyo kwenye meli ya watalii. Alikuja barazani mbio, hata viatu hakuvua, barua ya kazi mkononi. "Baba! Baba, ni mita mia mbili tisini na nne! Si ndefu kuliko zote, lakini..."

Fundi akaendelea kukanyaga cherehani. Hii ndiyo mara ya kwanza niliyomwona akisikia urefu wa meli asisimame.

"Huendi," akasema.

Alibembelezwa na mkewe, na mwalimu wa madrasa, na mimi pia, mimi kwa ukali. Hakutaka. Kwetu, mwazijua mila zetu, mtoto hafungi safari ya mbali bila radhi ya wazazi. Akiumwa huko, atasema ni radhi. Kazi ikimwendea mrama, ni radhi. Mama alimpa yake. Siku ya kuondoka Mwanamisi alikuja na sanduku, akapiga magoti mbele ya cherehani, akaubusu mkono wa baba yake.

"Baba, naomba radhi yako."

"Safari njema," Fundi akasema.

Safari njema huambiwa hata mpita njia. Binti aliinuka, akafuta macho na mtandio, akaenda. Nilikasirika nusura nimtupie jora zima la leso. Nikamwambia yaliyokuwa moyoni, kwamba nimechoka miaka yote kusikilizishwa meli na mtu anayezikana siku zinapombishia mlango. Hakukasirika. Alichomoa sindano ukosini, akairudisha, akaichomoa tena.

"Mimi nazijua kwa nje, mwanangu," akasema. "Urefu, upana, kina. Ndani sijui. Sijui mtoto wangu analala wapi mle. Sijui akilia nani atamsikia."

Nilimwonea huruma, na hasira yangu haikuisha. Tangu siku hiyo simu ya mkewe ikilia na ikawa ni Mwanamisi, Fundi huinuka akaenda kutazama kama mvua itanyesha. Meli zake aliendelea kuzitaja, ila ukisikiliza vizuri, alitoka kwenye makontena akaenda moja kwa moja kwenye mawe ya chuma. Za abiria aliziruka.

Mwaka uliofuata nilihamia Ukunda, nikafungua duka kubwa zaidi, tukawa tunaonana kwa nadra. Ndiyo maana nilishtuka asubuhi moja, majuzi tu, kumwona amesimama mlangoni pangu kwa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya kiua.

"Shikamoo Fundi! Kulikoni?"

"Marahaba. Wenda Mombasa leo?"

"Sikupanga."

"Basi panga."

Mkewe alikuwa ameshanipigia simu jana yake: meli ya Mwanamisi imeingia Mombasa, itaondoka alasiri, na wafanyakazi wa vyumba hawana ruhusa ya kushuka. Nikajifanya sijui lolote. Nikafunga duka. Likoni, Fundi hakuinamia magoti. Alisimama katikati ya feri, ameshika mpini wa mkoba wangu, midomo inasoma dua, macho wazi. Tukashuka, tukatembea hadi ule ukingo wa mlango wa bahari upande wa kisiwani, pale watu wanapokaa kula mihogo ya kukaanga na kunywa madafu. Saa tisa u nusu meli ikatokea.

Sijui nieleze vipi. Ilikuwa nyeupe, ndefu, inateleza karibu yetu mno, watu wamejazana kwenye roshani zake ghorofa juu ya ghorofa. Wauza mihogo wakaacha kukaanga. Simu yangu ikalia.

"Shoga wa mama, uko na Baba?" ilikuwa sauti ya Mwanamisi, ndivyo anavyoniita tangu mdogo, anahema. "Mpe, tafadhali!"

Nikampa. Aliishika juu chini, nikamgeuzia.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umekula?"

Mwaka mzima na ushei hawajasema neno, na hilo ndilo la kwanza! Nilisikia binti akicheka na kulia kwa pamoja. "Nimekula, Baba. Niko nyuma, roshani ya chini, natikisa shuka jeupe. Waniona?"

Hakumwona. Macho yake mabovu, na meli yote nyeupe. Mimi nilimwona, nikamwelekeza kwa kidole, "Pale! Pale chini ya ile bendera!" lakini meli ilikuwa inapita, tezi imeshatufikia. Fundi akaanza kutembea sambamba nayo. Akatembea haraka. Kisha mzee wangu akapandisha kanzu kwa mkono mmoja, akakimbia, simu sikioni, anapita katikati ya viti vya watu, anaruka makopo ya madafu, nami nyuma yake na mkoba, napiga kelele watu watupishe. Walitupisha. "Kimbia, mzee!" wakapaza sauti, hata hawajui kuna nini.

Alifika ukuta unapoishia. Mbele ni mawe na bahari. Meli ikaanza kugeuza omo kuelekea nje.

"Radhi yangu unayo!" akapaza sauti kwa nguvu zake zote. "Mwanamisi! Radhi yangu unayo!"

"Nini, Baba? Kuna upepo, sikusikii!"

Fundi akasimama wima. Akavuta pumzi mpaka ikatulia. Kisha akasema taratibu, neno baada ya neno, kama ambavyo mzazi angesema sebuleni kwake: "Mwanangu Mwanamisi, mimi baba yako nimekupa radhi yangu, ya kwenda na ya kurudi, na ya siku nilizokunyima. Mungu akulinde."

"Amin," wakaitikia waliokuwa nyuma yetu, muuza madafu, mama wa mihogo, wanafunzi wawili, na wengine sijui walikuwa akina nani.

Kwenye simu kikasikika kilio. Kule mbali shuka likapanda juu, likashuka, likapanda tena, na safari hii Fundi aliliona, akanikamata mkono akaubana hadi ukaniuma.

"Haya, usilie," akamwambia. "Nenda kazini mama, nenda upesi, meli isije ikakuacha."